Sura ya Sita: Akaunti Iko kwa Nani?

Ukiingia katika ofisi za mashirika kule Muhumba au Nyawera, mjini Bukavu, utaonyeshwa mali bila kufichwa chochote: pikipiki iliyoegeshwa uani, jenereta ya akiba kwa siku ambazo umeme umegoma, printa, meza, na daftari lililoorodhesha kila kitu pamoja na namba yake. Sasa uliza habari za jina la tovuti, lile lililochapwa kwenye barua za shirika, kwenye fulana za semina na kwenye ubao wa mlangoni. Ni la nani? Watakujibu kwa mshangao kwamba ni la shirika, tena la tangu zamani. Endelea kidogo. Limesajiliwa kwa msajili gani? Neno la siri analo nani? Hapo watu huanza kutazamana, na mwishowe mmoja husema kwamba kuna kijana aliyewatengenezea, lakini siku hizi yuko Kampala, au Montreal, au alioa akahamia Uvira.

Kijana huyo mara nyingi si mwizi. Shirika lilipopata mfadhili wa kwanza aliyetaka kuona tovuti, ndiye aliyekuwa na kompyuta, ndiye aliyejua pa kubonyeza, na ndiye aliyekuwa na anwani ya Yahoo aliyoifungua kila siku. Akafungua akaunti kwa jina lake. Ndani yake akasajili jina la shirika, la duka la shangazi yake, la kwaya ya parokia na la wateja wengine wa wakati ule. Kila mwaka akalipa, pengine kwa pesa ya mfukoni mwake, na hakuna aliyemuuliza kitu. Sura hii inahusu siku atakayoulizwa.

Tuanze na kile hasa mlicho nacho mnaposema jina ni letu. Mkazi wa Bukavu hahitaji maelezo mengi, maana jambo hili ameshaishi nalo kwenye ardhi. Kwa sheria ya Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni ya Leta. Wewe unapewa haki ya kukaa na kujenga, na haki hiyo imo ndani ya karatasi. Nyumba unaweza kuijenga kwa jasho lako tofali kwa tofali, lakini karatasi za parseli zikiwa na jina la shemeji, siku ya ugomvi atakayesikilizwa ni shemeji. Jina la tovuti, yaani jina la kikoa, liko hivyo hivyo. Hulinunui. Unalikodi kwa mwaka mmoja hadi kumi, na unaongeza muda kabla haujaisha. Tovuti uliyoijenga juu yake, picha, ripoti, anwani za barua pepe za wafanyakazi wote, vyote ni vyako, lakini vimesimama juu ya karatasi ambayo lazima ijulikane iko katika kabati la nani.

Kabati lenyewe lina ngazi. Juu kabisa yuko mtunza daftari wa kila kiishio. Daftari la .com linatunzwa na Verisign ya Marekani, la .org na Public Interest Registry, la .cd na SCPT, kampuni ya serikali ya posta na simu yenye makao yake Kinshasa. Mtu wa kawaida hawezi kwenda kwa Verisign kununua jina moja. Anakwenda kwa msajili: OVH au Gandi wa Ufaransa, wanaojulikana sana kwetu sisi tuliosoma kwa Kifaransa, au GoDaddy na Namecheap wa Marekani, au mmoja wa mamia ya wengine walioidhinishwa na ICANN, chombo cha California kinachosimamia majina ya dunia nzima. Msajili ndiye anayekufungulia akaunti. Na ndani ya akaunti, kila jina lina fomu yake ya mwenye jina, yaani nani kaandikwa kuwa ndiye mwenyewe, anwani yake na simu yake.

Kwa mujibu wa kanuni, mwenye jina ni yule aliyeandikwa kwenye fomu. Kwa matendo, mwenye jina ni yule anayeweza kuingia kwenye akaunti. Yeye ndiye anayeweza kuielekeza tovuti kwenye seva nyingine, kuzima barua pepe zenu zote kwa usiku mmoja, kulihamisha jina, kuliuza, au kuliacha life. Anaweza hata kubadilisha fomu. Zamani mtu yeyote duniani aliweza kuangalia kwenye daftari la wazi jina limeandikwa kwa nani, lakini tangu Mei 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilipoanza kutumika, wasajili wengi wameyafunika majina ya wamiliki. Kwa hiyo mashirika mengi hayajui hata kilichoandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila mwenye mali hajawahi kulifungua.

Kwa nini hali hii imeenea Bukavu kuliko uzembe wa kawaida unavyoweza kueleza? Nadhani sababu ni kadi. Msajili wa Ulaya anataka Visa au Mastercard. Kwa miaka mingi, katika shirika la watu wanane, wa tisa ndiye aliyekuwa na kadi, na huyo wa tisa ni binamu wa mtu fulani aliye Matonge, Brussels. Binamu akisaidia kulipa, hafungui akaunti kwa jina la shirika. Anafungua kwa jina lake, kwa sababu fomu inamuuliza jina lililo kwenye kadi na yeye anajaza yote mara moja. Hivyo akaunti hufuata kadi, na jina hufuata akaunti. Hakuna aliyepanga kumnyang'anya mwenzake kitu. Na jambo hili halina ulazima, maana wasajili wengi wanaruhusu akaunti iwe ya shirika na malipo yatoke kwenye kadi ya mtu mwingine. Binamu anaweza kuingiza namba za kadi yake ndani ya akaunti yenu, akalipa, akazifuta.

Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, benki za mji zilifunga milango. Aliyezoea kupeleka dola taslimu dirishani ili zipakiwe kwenye kadi hakuwa na dirisha. Pesa za simu ziliendelea kuzunguka, na wengi walivuka Ruzizi kwenda Kamembe kutafuta benki, lakini wasajili wengi wa Ulaya hawana kitufe cha M-Pesa, na tarehe ya kuisha kwa jina haingojei vita. Ndipo binamu wa Matonge na kijana wa Kampala walipopigiwa simu tena. Mtu anayelipa katika hali hiyo anastahili shukrani, wala hana sababu ya kupewa akaunti. Shida ni kwamba katika haraka, vitu hivi viwili huenda pamoja.

Sasa tuje kwenye uhamisho wenyewe. Kuna wa aina mbili, na watu huuchanganya mpaka wanaogopa wote. Wa kwanza ni wa kutoka kwa msajili mmoja kwenda kwa mwingine, tuseme kutoka GoDaddy kwenda Gandi. Huo una sherehe zake: jina lifunguliwe kufuli, itolewe namba ya siri ya uhamisho, msajili mpya apokee malipo (ambayo kwa .com na .org huongeza mwaka mmoja), na msajili wa zamani ana siku 5 za kukubali au kupinga. Jina lililosajiliwa au kuhamishwa chini ya siku 60 zilizopita kwa kawaida haliruhusiwi kuondoka.

Wa pili ni wa kutoka akaunti hadi akaunti ndani ya msajili yule yule. Huu ndio ambao mashirika mengi yanauhitaji, na ni rahisi kuliko kubadilisha jina la mteja wa umeme. Mtunza daftari hahusiki kabisa, maana machoni pake msajili ni yule yule. Kwa kawaida hakuna ada. Tarehe ya kuisha haibadiliki. Kinachotakiwa ni shirika lifungue akaunti yake, bure, kwa msajili yule yule wa kijana, kisha kijana alisukume jina kutoka upande wake kwenda upande wenu.

Namna ya kulisukuma inatofautiana kidogo. Kwa Namecheap, anayetoa anaandika jina la mtumiaji la anayepokea na kuthibitisha neno lake la siri. Kwa GoDaddy, anayepokea huletewa barua pepe na lazima akubali. OVH ana utaratibu wa kipekee: kila mteja ana kitambulisho cha herufi mbili, tarakimu kadhaa na mkia wa -ovh, na kila jina lina watu watatu walioandikwa, yaani msimamizi, fundi na mlipaji. Wote watatu wabadilishwe. Nimeona ofisi ikifurahia kwamba imepewa jina lake, kumbe imepewa nafasi ya fundi tu, na msimamizi akabaki ni yule yule wa zamani. Kubadilisha ni kwa barua pepe mbili zenye namba za uthibitisho, moja kwa kila upande, na upande mmoja ukinyamaza hakuna kinachofanyika. Jina la mmiliki kwenye fomu nalo lina hatua yake ya peke yake.

Mazungumzo ya siku hiyo, kwa WhatsApp, huwa hivi:

«Mama, nimeshaandika ile namba mliyonitumia. Angalia mail yako.»

«Haijafika, mwanangu.»

«Angalia kule kwenye taka.»

«Ngoja. Ah, iko huku. Inasema nibonyeze.»

«Bonyeza, mama, lakini soma kwanza kama ni jina la kwetu. Isije ikawa nimekupa la kwaya.»

Dakika chache, na kazi imekwisha. Kwaya itapiga simu wiki ijayo.

Au tuseme karibu imekwisha, kwa sababu mitego iko baada ya hapo. Mtego wa kwanza ni rekodi. Jina pekee halifanyi kitu. Kinachofanya tovuti ionekane na barua zifike ni rekodi zinazosema tovuti iko seva ipi na barua zipelekwe wapi. Kwa wasajili wengine rekodi husafiri pamoja na jina, kwa wengine hubaki kwenye akaunti ya zamani au hufutwa na kuwekwa za kuanzia. Kabla ya kusukuma chochote, kijana apige picha ukurasa mzima wa rekodi na kuwatumia. Asipofanya hivyo, asubuhi yake tovuti itaonyesha tangazo la msajili, na barua za mfadhili zitarudi zilikotoka bila ninyi kujua kwamba aliandika.

Mtego wa pili ni wa kuchekesha mpaka ukupate. Shirika likifungua akaunti yake mpya, linaandika anwani ya kuwasiliana: info@ na jina lake lenyewe. Inapendeza, inaonekana ya kiofisi. Lakini siku jina hilo likiisha muda, sanduku la barua nalo linakufa, na barua za msajili za kuwaonya zinapelekwa kwenye sanduku lililokufa. Ukisahau neno la siri, kiungo cha kulibadilisha kinakwenda huko huko. Anwani ya akaunti ya msajili iwe nje ya jina hilo, iwe ya shirika wala si ya mtu, na iwe na watu wawili wanaoweza kuifungua.

Mtego wa tatu ni simu. Wasajili wanahimiza uthibitisho wa hatua mbili, na wanafanya vyema, lakini ukiufunga kwenye ujumbe wa namba moja ya simu, umeifunga mali ya shirika kwenye laini ya mtu. Wakazi wa Bukavu wengi wana laini mbili, ya Kongo na ya Rwanda, na laini isiyowekwa salio hukatwa na kupewa mtu mwingine. Tumieni programu ya kutoa namba za siri kwenye simu, na zile namba za dharura ambazo msajili hukupa mara moja zichapwe zifungiwe kwenye kabati la mhasibu, karibu na mhuri.

Na kuna kulipa. Jina lilikuwa likijilipia lenyewe kwa kadi ya kijana. Likishahama, kadi haikuhama. Mtu akumbuke. Jina la .com au .org lililoisha muda halifi siku ile ile: msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45, kisha zinakuja siku 30 za ukombozi ambapo kulirudisha kunagharimu mara kadhaa ya bei ya mwaka, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, kisha yeyote duniani analichukua. Wapo wanaoishi kwa kuvizia saa hiyo.

Neno moja kuhusu siku 60. Kanuni ya ICANN iliyoanza kutumika 1 Desemba 2016 inasema ukibadilisha jina la mwenye jina kwenye fomu, msajili hukufungia kuhamia kwa msajili mwingine kwa siku 60, isipokuwa kama mlichagua mapema msifungiwe. Basi kama nia ni kuondoka kwa msajili yule kabisa, hamisheni kwanza, fomu ibadilishwe baadaye. Kama mnabaki hapo hapo, haiwahusu sana.

Kama kusukuma ni rahisi hivi, ina maana kunyang'anya nako ni rahisi. Kesi iliyowafundisha wanasheria wa dunia jambo hilo ilitokea Marekani, na jina lenyewe, mniwie radhi, ni sex.com. Gary Kremen alilisajili 1994, wakati majina yalipokuwa yakitolewa bure. Oktoba 1995 mtu aitwaye Stephen Cohen aliipelekea kampuni ya usajili, Network Solutions, barua ya kughushi iliyodai kwamba kampuni ya Kremen, Online Classifieds, imemfukuza Kremen na kumpa Cohen jina hilo. Kwa nini kampuni isiandike yenyewe kwa barua pepe? Kwa sababu, barua ilisema, haikuwa na intaneti. Kampuni yenye neno «mtandaoni» katika jina lake haikuwa na mtandao. Network Solutions hawakumpigia Kremen hata simu, wakabadilisha. Mahakama ilimrudishia jina mwaka 2000, na 2001 ikaamuru Cohen alipe dola milioni 65, ila Cohen alikuwa ameshakimbilia Mexico. Mwaka 2003 mahakama ya rufani ikaamua kwamba jina la kikoa ni mali ambayo mtu anaweza kuporwa, na kwamba msajili aliyeitoa mali hiyo kwa mwizi anaweza kuwajibishwa. Ule ukali wa wasajili wa leo mnaoulalamikia, wa kudai nakala ya pasi, barua yenye mhuri na uthibitisho juu ya uthibitisho, ulizaliwa na makosa ya namna hiyo.

Haukutosha. Tarehe 27 Januari 2021 jina perl.com, nyumba ya zamani ya wapenzi wa lugha ya programu ya Perl, lilianza ghafla kuelekea kwenye seva za watu wasiojulikana. Waliolifuatilia waliamini kwamba akaunti ilivamiwa tangu Septemba 2020, pengine kwa nyaraka za uongo, kisha wezi wakakaa kimya, wakalihamishia kwa msajili wa China mwezi Desemba, na ndipo Januari wakaligusa. Miezi kadhaa jina lilikuwa mikononi mwa mwizi na tovuti iliendelea kufunguka kama kawaida. Uhamisho wa akaunti hauna kelele. Hilo ndilo linalonifanya nisiamini jibu la «mbona tovuti yetu inafanya kazi».

Sasa turudi nyumbani, maana kisa kikubwa kuliko vyote ni cha kwetu.

Kongo imekuwa na viishio viwili. Cha kwanza kilikuwa .zr, cha Zaire. Mobutu alipoanguka Mei 1997 na nchi kurudia jina lake, kikasajiliwa .cd, tarehe 20 Agosti 1997, na .zr ikafutwa rasmi 2001. Leo kila anayefungua tovuti ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, ucbukavu.ac.cd, kompyuta yake huuliza kwanza seva za .cd: hiyo .ac.cd iko wapi? Anwani za seva hizo zimeandikwa katika daftari kuu la dunia. Na mwishoni mwa 2020, sehemu ya seva hizo zilikuwa na anwani zilizo chini ya jina la kawaida kabisa, scpt-network.com, jina la .com la kulipiwa kila mwaka kama la duka la shangazi.

Halikulipiwa. Katikati ya Oktoba 2020 muda wake ukaisha. Zikapita siku za msajili, zikapita siku za ukombozi. Msweden mmoja, Fredrik Almroth, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya usalama ya Detectify, alikuwa akipitia orodha ya seva za viishio vya nchi zote akaliona jina hili likielekea kufutwa. Aliandika programu ndogo ya kumshtua kwenye simu hali yake ikibadilika. Mwishoni mwa Desemba ikamshtua, naye akalinunua kama mtu mwingine yeyote, kwa msajili, kwa kadi. Kwa hesabu yake, takriban nusu ya maswali yote ya dunia kuhusu majina ya .cd yangeweza kumfikia yeye.

Fikiria maana yake. Mtu anayeshika nusu ya majibu ya .cd angeweza kumwambia mteja wa benki ya Kinshasa kwamba benki iko kwenye seva yake yeye. Angeweza kuchukua barua pepe za wizara. Angeweza hata kuomba vyeti vya usalama, ile alama ya kufuli kwenye kivinjari, kwa tovuti zisizo zake, kwa sababu anayetoa cheti huuliza maswali yake kupitia seva hizo hizo. Almroth hakufanya hata moja. Alilizuia jina lisijibu chochote, ili waulizaji warudi kwenye seva nyingine zilizokuwa hai, na Januari 7 akawaandikia waliotajwa kuwa wasimamizi wa .cd. Wao wakaacha scpt-network.com, wakahamia scpt-network.net. Tarehe 15 Januari 2021 akatangaza kisa chote hadharani.

Waandishi wengi wa nje walikisimulia kama kisa cha mtu mwema aliyeiokoa nchi. Sawa, tumshukuru. Mimi naona kisa cha akaunti. Mahali fulani palikuwa na akaunti kwa msajili, na ndani yake jina ambalo nchi nzima iliegemea, na onyo la malipo likatumwa kwenye anwani ambayo hakuna aliyeifungua, au aliyeifungua hakuona kuwa ni kazi yake. Nchi yenye watu karibu milioni mia moja ilikuwa katika hali ile ile ya shirika la Nyawera ambalo kijana wake yuko Kampala.

Je, kijana akikataa kutoa, au akiwa amefariki? Hapo njia ni nyembamba. Msajili ana mkataba na mwenye akaunti, hana mkataba nanyi. Mkiwa na hati za shirika, risiti, barua za zamani na fomu inayotaja jina la shirika, wasajili wengine watawasikiliza, polepole. Kama fomu inataja jina lake binafsi, itabidi familia ihusike. Kuna baraza la usuluhishi la kimataifa chini ya kanuni ya ICANN ya 1999, na kesi kwa WIPO, shirika la kimataifa la haki miliki, yenye msuluhishi mmoja inagharimu dola 1500 kwa jina moja hadi matano, lakini lazima mthibitishe kwamba mna haki ya alama ya biashara, na kwamba jina lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Kijana aliyelisajili kwa kutumwa na ninyi wenyewe, akalilipia miaka kumi, hana nia mbaya ya mwanzo. Mtashindwa, au mtashinda baada ya kutumia pesa ambazo zingelipia jina hilo miaka mia.

Kwa hiyo jambo hili lifanywe wakati ni jepesi. Siku ya makabidhiano ya uongozi, msajili, anwani ya akaunti na tarehe ya kuisha kwa jina viandikwe kwenye karatasi ile ile yenye namba ya pikipiki, na sahihi ziwe mbili. Na kama jina la shirika lako bado liko kwenye akaunti ya mtu mwingine, ndugu msomaji, mpigie leo, umlipe alichotumia, mngali mnasalimiana.